Nafsi ya Kwanza

Pensheni hufika ikitaka,
na ikifika imeshachoka njiani.
Ndiyo maana naandika,
ingawa mlangoni pangu hapa Tororo hakuna kibao.
Wanaonihitaji huelekezana kwa kunong'ona:
ukivuka reli, nyumba yenye vumbi la saruji juu ya mabati,
muulize Ofwono, yule aliyekuwa polisi.

Huja jioni. Kazi hii ina haya yake.
Mjane anataka maneno ya kusoma kaburini
yaonekane yametoka kifuani mwake.
Diwani anataka utoto wa kimaskini kuliko aliokuwa nao.
Kijana mmoja aliniomba barua ya kuposa,
na binti, bila kujua, akaniomba jibu.
Nilitoza mara mbili. Bado wanaishi pamoja.

Mjukuu wangu Nyaketcho hupiga chapa kwa kidole kimoja.
"Babu, hapa 'mimi' ni nani?"
Namjibu: mwenye kulipa.

Sikuusomea ufundi huu.
Miaka thelathini na minane nilikaa kaunta,
kalamu ya serikali, karatasi ya mistari:
*Mimi, fulani, mkazi wa mahali fulani,
natoa maelezo haya kwa hiari yangu.*
Wezi wa kuku, wake waliopigwa, waume waliowapiga,
wote wamepita mkononi humu wakiitwa mimi.
Chini walitia dole gumba,
na jina langu likakaa pembeni, dogo, kama shahidi.

Mwezi wa nane alikuja Wamimbi kutoka Mbale,
tajiri wa kahawa, fimbo yake ina kichwa cha shaba.
Anatimiza themanini, anataka kitabu.
Laki tano kila sura, nusu mkononi.
Tukaanza vizuri: alivyosimama tohara bila kupepesa jicho,
gunia la kwanza, mke wa kwanza.
Sura ya nne akakohoa.

"Mwaka ule wa magendo walinikamata mjini humu
na magunia sita yasiyokuwa yangu.
Usiku kucha walinichapa nyayo.
Asubuhi akaingia karani, kijana mwembamba,
wino kidoleni. Hakunitazama.
Akaandika kwamba nimekiri. Sikuwa nimesema neno.
Akanishika dole gumba, akaligonga kama muhuri.
Miaka mitatu Luzira, Bwana Ofwono.
Walionipiga nimewasahau.
Yule nimeshindwa."

Akangoja. "Mbona huandiki?"
Nikasema wino umekwisha.
Haukuwa umekwisha.

Siku tisa sikuandika.
Nilikaa penye chungu cha malwa, mrija mdomoni, nisivute.
Ningeweza kuiruka sura.
Ningeweza kumpa yule karani sababu:
bunduki mlangoni, mama kitandani, mshahara wa miezi minne haujaja.
Zote ni kweli.
Lakini nilifundishwa sarufi na mwalimu mwenye fimbo:
nafsi ya kwanza haijui
yaliyomo kichwani mwa nafsi ya tatu.
Wamimbi hakuiona bunduki. Aliona kidole.

Kwa hiyo niliandika alichoona,
nikaongeza sentensi moja tu:
*Angeweza kuinua macho. Hakuinua.*

Nyaketcho akafika pale, akasita.
"Babu, huyu karani ni nani?"
Piga chapa, mwanangu.

Mzee aliisoma sura akiwa amesimama,
akarudi nyuma, akaisoma tena polepole.
"Umeandika kama ulikuwepo."
Akaitazama karatasi. Akautazama mkono wangu juu ya meza.
Nje treni ya mizigo ilipita, ndefu,
na hakuna aliyelazimika kusema kitu.
Ilipokwisha, akaweka bahasha.
"Nipe risiti," akasema, na akavuta kiti.

Nikachukua karatasi ya mistari.
Mkono ulitetemeka, mwandiko ni ule ule:
*Mimi, Yokana Ofwono, mkazi wa Tororo,
natoa maelezo haya kwa hiari yangu.*